Mate ya Wazee Kwenye Tumbaku

Siku ya kwanza, 8 Juni 1964. Kiringye

Kaye hii, daftari hili, nimeipata leo. Ilikuwa ya shule, lakini shule imefungwa tangu wapiganaji waingie hapa mwezi uliopita, na mwalimu amevuka mto kwenda Burundi. Sasa ni ya Onesphore. Miaka mine ya shule, miaka saba jikoni mwa meli – Kalundu, Albertville, Kigoma, Usumbura! Nani katika tambarare hii yote ameona dunia kama minye Onesphore? Kapiteni wa Kigiriki alisema kwa mdomo wake: Onesphore, bila weye supu ya samaki ingekuwa maji ya kunawia mikono. Basi.

Kazi yangu ya sasa: kapita, msimamizi wa shamba la tumbaku. Patron, mwenye shamba, alikimbia mwaka wa Endepandansi, tulipopata uhuru. Aliacha vitu vinne: shamba, nyumba ya kukaushia majani, viatu vya ngozi na filimbi. Viatu amevichukua Commandant Déogratias, mkubwa wa wapiganaji hapa. Filimbi nimeichukua minye.

Commandant ameniita asubuhi. Anataka tumbaku kavu, nyingi – ataivusha mto, iletwe chumvi na betri za redio. Nikasema: wiki mbili! Akasema tatu zinatosha, hana haraka. Nikasema: mbili! Mdomo wangu huu, siku moja utaniuza.

Shida ni Koko Nduwimana, nyanya wa mke wangu Georgette. Mbegu ya shamba hili lote ilitoka nyuma ya nyumba yake, hata patron aliiomba kwake. Kila mavuno anakata jani la kwanza, analiweka kwenye kijumba kidogo cha wazee, anawasha kiko, anapuliza moshi mara tatu, anawaita waliokufa kwa majina. Hiyo sawa. Leo nilimshikia kiberiti mwenyewe. Lakini ana sheria moja: hakuna muntu kuingia kwenye tumbaku kabla jua halijakausha majani. Ule umande, anasema, ni mate ya wazee. Usiku wanakuja kutafuna sehemu yao, wanatema. "Waache wajipanguse mdomo kwanza, mukwe wangu."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikamuuliza: Koko, wazee gani hao wenye mate ya kulowesha shamba zima? Akasema: ni wengi kuliko nyinyi mulio hai.

Kwa sheria hiyo tunaanza kazi saa tatu, jua kali, saa sita watu wamelegea. Nimeamua. Keshokutwa tunaingia alfajiri.


Siku ya tatu, 10 Juni. Saa nne asubuhi

Ushindi!! Kazi ya siku mbili imekwisha kabla watu wa mjini hawajanywa chai!

Wachumaji kumi na mmoja. Ukungu, baridi, majani mazito kama masikio ya tembo, yanachuruzika maji. Minye juu ya kichuguu, koti langu la meli, filimbi mdomoni. Piii! – mstari huu. Piii! – mstari ule. Wanakata jani, wanabana kwapani, mzigo ukijaa wanapeleka. Mashati yamelowa kama yametoka kufuliwa. Mikono myeusi kwa utomvu. Georgette alisema anasikia baridi mpaka mifupani. Nikamwambia: fanya haraka, utapata joto. Alinitazama jicho fulani. Niliangalia upande mwingine.

Mama Mukamurenzi alipita. Ni mjane kutoka Rurambo, huko juu milimani kwenye ng'ombe. Kila wiki anashuka na vibuyu viwili vya maziwa, anapandisha mihogo. Mprotestanti kweli kweli, moshi wa tumbaku ukipita anafunika pua na kanga. Yeye na Koko hutukanana nusu saa, kisha wanakaa mkeka mmoja. Leo alisimama kando ya shamba akatikisa kichwa: "Yewe! Kazi ya moshi. Mungu atalitapika shamba hili, na nyinyi ndani." Georgette akamjibu: "Mama, leo tupe maziwa. Mahubiri tutakunywa Siku ya Yenga, kanisani." Watu wakacheka, naye akacheka, akawamiminia.

Minye nilikataa kwa sauti. Maziwa ni ya watoto, watu wa meli wanakunywa kahawa nyeusi. Walipogeuka, nilikunywa vikombe viwili nyuma ya kichuguu. Matamu! Hii naiandika hapa tu.


Siku hiyo hiyo. Saa tisa

Georgette anatapika. Alianza saa sita, akasema dunia inazunguka. Nikafanya mzaha: labda ni mtoto! Hakucheka. Uso umekuwa rangi ya majivu, jasho baridi, mate yanamtoka mdomoni bila kukoma. Miguu haimbebi.

Kisha wakaniita kwa Firmin, kaka yake Georgette. Naye yuko chini. Mkewe Claire ndiye mbaya kuliko wote, hawezi hata kuinua kichwa. Kisha wengine watatu. Sita!

Minye niko mzima. Niliendesha baiskeli mpaka dispensaire ya Nyakabere, wanakotoa dawa. Imefungwa. Infirmier, muuguzi wake, naye amevuka mto, na funguo mfukoni. Niligonga ule mlango mpaka mkono ukavimba, kana kwamba yuko ndani ananinyima.

Nimerudi. Nimekaa karibu na Georgette na beseni. Yeye ananishika kidole kimoja, hiki kidogo. Mungu wa Koko, Mungu wa Mukamurenzi, yeyote mwenye nafasi – huyu mwanamke usimchukue. Sitapiga filimbi tena.


Jioni

Neno limetoka: sumu. Amelisema Firmin, amelala chini, lakini sauti anayo. "Maziwa iko na sumu! Hamkumusikia? Alisema tutatapika!" Na kweli, neno kutapika wote walilisikia. Neno likatembea upesi kuliko baiskeli yangu. Wapiganaji walimkuta Mama Mukamurenzi kwa Koko, anafunga mihogo yake. Wamemfungia katika nyumba ya kukaushia, kati ya majani yetu. Yeye asiyeweza kuvumilia hata harufu yake!

Commandant amesema atahukumu Jumamosi, Siku ya posho, mbele ya watu wote. Sumu kwa watu wa mapinduzi. Kila mtu anajua maana yake. Mwezi uliopita walimpeleka mtu mtoni kwa kosa dogo kuliko hilo, hakurudi.

Nilisema: huyu mama tunamjua. Mpiganaji mmoja akaniuliza: weye unamutetea kwa nini? Wenzako sita wako chini, weye iko muzima. Ulikunywa? Nikasema: hapana. Imetoka yenyewe! Asubuhi nilishajigamba kwamba sinywi, sasa nifanyeje – niseme nilijificha nyuma ya kichuguu kama mwizi wa sukari?

Nimenyamaza. Onesphore amenyamaza. Andika tarehe.


Siku ya ine, 11 Juni

AMEKAA! Alfajiri nilisikia sauti: "Bugali iko wapi, mupumbavu?" Sijawahi kusikia neno tamu kama hilo mupumbavu. Nilicheka na kulia pamoja. Nilisonga bugali mwenyewe, kwa ufundi wa meli, Georgette akasema una madonge. Mwambie yeyote: mke anayekosoa bugali hafi.

Na wengine wote wameinuka. Wote sita! Claire alichelewa, lakini saa nne amekunywa uji. Nilikwenda nyumba kwa nyumba, nikimshika kila mtu bega kuona kama ni wa kweli. Firmin alikasirika: shemeji, unanipima kama mbuzi wa soko?

Nikafikiri wamepona, basi mama atafunguliwa. Nikaenda mbio kwa Commandant. Akasema: sumu iliyoshindwa kuua ni sumu bado. Siku ya posho.

Kurudi nyumbani nilikuta Claire mlangoni kwetu, amejifunika blanketi. Anamwambia Georgette pole pole kuna jambo linamsumbua. Yeye hakunywa. Maziwa hayapendi tangu utoto, alimpa kikombe chake Firmin, na Firmin ana aibu kusema alikunywa vya watu wawili. Na yeye ndiye aliyetapika kuliko wote!

Georgette akanigeukia. "Na weye, Onesphore. Ulikunywa viwili. Nilikuona. Masharubu yako yalikuwa meupe."

Aliyekunywa hakuugua. Asiyekunywa ameugua. Nimekaa na hesabu hii, haitaki kutoka kichwani.


Siku ya tano, 12 Juni. Saa sita

Asubuhi nilimpelekea Mama Mukamurenzi viazi. Mlinzi hakuniruhusu kuingia, nikaongea naye kwenye upenyo wa mbao. Alikuwa anaimba wimbo wa kanisani. Alipomaliza ubeti – hakukatiza hata kidogo – akasema: "Wamenifungia ndani ya kiko, mwanangu. Nitafika mbinguni ninanuka, watanirudisha."

Nikamuuliza kama anaogopa. Akasema anaogopa, si jiwe. Kisha akauliza kuhusu Georgette. Yeye ndani, anamuuliza mgonjwa wa nje! Nikamweleza vile walivyokuwa: mate, jasho baridi, kuyumba. Akaweka jicho kwenye upenyo. Halafu: "Kama ndama wangu."

Ndama gani, mama?

Akasimulia. Mwaka wa jana ndama wake alijaa kupe. Jirani akamfundisha: loweka majani ya tumbaku kwenye maji, mwoshe nayo. Alimwosha sana, mwili mzima, kwa huruma. Kupe walikufa. Lakini ndama naye akaanza kutoa mate, kutetemeka, kuyumba kama mlevi wa harusi. Hakulamba kitu, alimfunga mdomo. Kesho yake akasimama akaomba nyonyo.

"Tangu hapo," akasema, "naogopa maji yaliyolala na tumbaku."

Nilishika ule ubao. Maji. Tumbaku. Mashati yaliyolowa. Majani kwapani! Na nani hakuguswa? Kapita juu ya kichuguu na koti lake kavu. Na nani aliwaingiza alfajiri?

Minye.

Siyo maziwa. Siyo Mukamurenzi. Ni minye na filimbi.

Nilikwenda kwa Koko. Nikamwambia yote. Alikuwa anasafisha kiko chake kwa kijiti. Hakuinua macho. "Nilisema mate ya wazee. Ulitaka niseme nini, kifaransa?" Nikamuuliza mbona wale wengine watano hawakuugua. Akasema: wale wanavuta kiko tangu ujana, wazee wanawajua kwa harufu. Minye nafikiri mwili wao umeizoea tu sumu ile. Lakini sikubishana. Juzi nilibishana naye, ukaona.


Siku hiyo hiyo. Saa kumi na moja

Nimekwenda kwa Commandant. Watu walijaa uani kwake. Nikasema yote: umande, kwapa, ndama, Claire. Na ya kwangu: nilikunywa maziwa, vikombe viwili.

Wakacheka! Firmin zaidi. "Maziwa ni ya watoto, shemeji! Si ulisema weye mwenyewe?" Na mwingine: huyu ndiye aliyemfundisha Mgiriki kuogelea. Na mwingine: na samaki wa Kigoma aliyemwita kwa jina! Hadithi zangu zote, moja moja, wananirudishia usoni. Wiki iliyopita wote walizipenda. Leo, siku moja nasema kweli tupu, siaminiwi hata nusu.

Claire akasimama. Akasema hakunywa. Firmin akatazama vidole vya miguu yake. Lakini Commandant akasema: mwanamke anaweza kugeuza maneno kwa huruma. Sumu inaingia kwa mdomo. Kwa ngozi inaingiaje? Ngozi si mlango.

Hapo Mungu akanipa kitu. Nikasema: Commandant, vijana wako kabla ya vita wananyunyiziwa maji ya dawa, risasi zisiwapate. Wanayanywa?

Akasema: hapana, wananyunyiziwa.

Wapi?

Akafukuza nzi usoni.

"Kwenye ngozi," akasema.

Basi!! Kama maji yenu yanapita, na ya tumbaku yanapita. Kama ya tumbaku hayapiti... sikumalizia. Si mjinga kiasi hicho. Vijana walianza kutazamana. Mmoja alijikuna mkono pale alipochanjwa dawa ya vita.

Commandant alitazama miguu yake. Viatu vya patron vilikuwa vinang'aa, anavipaka mafuta kila siku. Akasema: unataka nini? Nikasema: kesho alfajiri niingie minye, peke yangu, kifua wazi. Nisitie kitu mdomoni ila maji ya chupa yako. Nikiugua, mama aende kwake. Akasema: na usipougua mpaka saa nane? Mdomo wangu haukungoja ruhusa: "Usipoona nimeugua, unifunge naye."

Georgette alitangulia mbio njia nzima. Nyumbani akanipiga mgongoni na mwiko, kisha akaninyooshea kola ya shati ambalo kesho hata sitalivaa.


Siku ya posho, 13 Juni. Saa mbili

Siku ya posho bila posho. Niko kwenye benchi mbele ya nyumba ya kukaushia, mlinzi huku, mlinzi huku. Nimeomba niandike wasia, wakakubali. Huu ndio wasia: kaye, kalamu, filimbi. Filimbi ichimbiwe shimo.

Nimechuma tangu alfajiri, mistari miwili mizima, kijiji kizima kinatazama. Umande ulikuwa mwingi kuliko juzi. Nilijibania majani kwapani, nilijipaka kifuani, nilikumbatia mimea kama ndugu walioachana miaka kumi. Mikono myeusi. Mwili unanata. Najisikia vizuri kabisa.


Saa ine

Vizuri bado. Hii ni balaa. Miaka saba ya meli, dhoruba ya Agosti, abiria wote wameinama ubavuni, minye nakaanga mayai. Nilijigamba na tumbo hili kila baa kuanzia Uvira mpaka Kigoma. Leo ndiyo siku ya kunisaliti, halitaki!

Firmin anasema kwa sauti: huyu anavuta sigara tangu ujana, kama ni kweli ya Koko hataugua kamwe. Watu wakaguna. Nikaona Georgette anashika mdomo.

Haya, siri ya mwisho, kaye yangu. Sijawahi kuvuta moshi ukapita koo. Naushika mdomoni, natoa. Sigara ni ya kupendeza kidoleni tu. Inanikohoza! Wazee wa Koko hawanijui hata kidogo. Nimesema hivyo kwa sauti, mbele ya wote. Mara ya pili wiki hii wamenicheka, lakini cheko hili lilikuwa jingine, lilikuwa na upole ndani.


Saa sita

Mama Mukamurenzi ametolewa akae nje mahali nitakapomwona. Ana majani makavu kwenye nywele. Ameniambia: mwanangu, usijilazimishe. Nikamwambia: mama, ndiyo ninalojaribu. Anasali macho wazi. Koko amekaa karibu naye, kiko kimewaka, anapuliza moshi upande wangu na kuwaambia watu wake kwa kifuliiru kitu ambacho Georgette amenigeuzia kwa kiswahili: Mtemeeni. Mtemeeni sana. Mukamurenzi akikohoa moshi, Koko anamwambia vumilia, hii ni kwa ajili yako.

Commandant anatazama saa.


Saa saba na kitu

Mikono baridi. Labda ni woga. Jua kali, na mikono baridi?

Mlinzi wa kushoto amekuwa wawili, kisha mmoja.

Naandika pole pole. Mistari ya kaye inapanda mlima.

Firmin anasema anaigiza, shemeji wangu anajua kuigiza. Claire amemwambia nyamaza, angalia rangi yake. Georgette amesimama. Analia na kucheka, sijui kipi.

Mate. Nimemeza, yamejaa tena. Nimemeza, yamejaa. Mate mengi mdomoni, si yangu haya yote, muntu mmoja hana mate hivi – Koko! Wamekuja! Asanteni wazee, asante Yesu wa Rurambo, asante tumbo –

Commandant amekuja kunitazama karibu, ameinama, anataka kuona kama ni kweli. Mlinzi ameleta ndoo, ameiweka kulia. Viatu vya patron viko kushoto, hapa hapa, vinang'aa. Ndoo ni mbali kido